Gesi au mkaa? Mwongozo kamili wa kuchagua jiko la kuchomea nyama kwa safari za kulala kwenye gari

Ukiingia kambini saa kumi na mbili na nusu jioni, watoto wana njaa, hema la juu ya gari halijafunguliwa na giza linabisha hodi, jiko la mkaa linageuka adhabu. Ukiingia saa tisa alasiri, mbavu za mbuzi zimo kwenye deli (sanduku la kutunzia baridi) na huna pa kwenda hadi kesho, jiko la gesi linakunyima nusu ya raha ya safari. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nyama ya wapi ni tamu zaidi, angalia ratiba yako.

Mwongozo huu ni kwa anayesafiri na kulala kwenye gari Tanzania na Kenya: Land Cruiser yenye hema juu, Noah iliyolazwa viti, au gari-nyumba kamili lenye kitanda, sinki na kabati la mtungi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Nafasi ikiwa ya jiko moja tu, beba gesi. Ikiwepo ya mawili, beba gesi ya kupikia na jiko dogo la mkaa la kuchomea. Jiko kubwa la gesi lililotengenezwa kwa ajili ya kuchoma tu, lile la kuweka bustanini, liache nyumbani. Linakula nafasi ya deli zima, na kazi yake utaifanya mara mbili au tatu safari nzima.

Hatua ya 1: Andika kila usiku utalala wapi

Chukua karatasi, orodhesha vituo vyako, na mbele ya kila kimoja andika mambo matatu: moto unaruhusiwa au la, utafika saa ngapi, na kuna baridi kiasi gani.

Kuhusu moto, usikisie. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kuokota kuni, kwa hiyo chochote utakachowasha umekuja nacho au umekinunua kambini. Kwenye kambi za umma za Seronera, Serengeti, kuna vibanda vya kupikia vilivyozungushiwa wavu, na huko ndiko jiko linakotakiwa kuwashwa, si chini ya mti ulioupenda. Mlima Kilimanjaro hauna mjadala: kuni na mkaa haviruhusiwi, wapishi wa wapanda mlima hutumia gesi. Moto uliounguza sehemu za mlima huo Oktoba 2020 uliwafanya watu wengi waelewe kwa nini. Kambi za watu binafsi kando ya Ziwa Naivasha au kwenye mashamba ya Iringa mara nyingi zina sehemu ya kuchomea iliyojengwa tayari, hata wavu upo. Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza hivi: "Mkaa unaruhusiwa? Mnauza hapo? Kuna sehemu maalumu ya kuwashia?" Majibu hayo yatapunguza nusu ya mzigo wako.

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kinahitaji uangalifu wake. Nyasi zimekauka, upepo wa mchana ni mkali, na cheche moja ya mkaa ikiruka inatosha kuleta balaa. Sehemu nyingine hukataza moto wa wazi miezi hiyo hata kama mwezi Aprili walikuwa wanauruhusu.

Baridi nayo ina neno lake. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi. Huko yale majiko madogo ya kubebeka yanayotumia makopo ya gesi huanza kulegea. Sababu ni kwamba makopo mengi ya bei nafuu yamejazwa buteni, na buteni huacha kugeuka mvuke joto likishuka karibu na nyuzi 0. Propeni huendelea kutoa mvuke hadi nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa kawaida wa nyumbani una mchanganyiko wa gesi hizo mbili, kwa hiyo unahimili zaidi, ingawa nao ukikaribia kuisha alfajiri yenye baridi utauona moto wake umepungua. Pia jua kwamba kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Maharage makavu hayataiva kabla ya usingizi kukushinda. Yachemshe nyumbani, yagandishe, yabebe yakiwa barafu. Yatasaidia pia kulipooza deli.

Hatua ya 2: Amua utakula nini kweli, si unachokiota

Watu wengi hununua jiko kwa kufikiria usiku mmoja wa nyama choma, kisha asubuhi wanataka chai, uji wa mtoto na mayai. Hesabu milo. Safari ya siku tano ina chai kumi na zaidi, ugali au wali mara nne tano, na nyama choma labda mara mbili. Kwa hesabu hiyo gesi ndiyo jiko lako, mkaa ni wa sherehe. Kuchemsha chai kwa mkaa wakati unataka kuwahi geti la hifadhi saa kumi na mbili asubuhi ni kujitafutia ugomvi wa ndoa.

Na ladha? Hapa kuna imani inayohitaji kurekebishwa kidogo. Mkaa ulioiva vizuri hautoi harufu nyingi wenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya vitu vinavyotoa moshi ilishatoka kwenye tanuri la mkaa. Ile harufu tunayoiita ya nyama choma inatokana zaidi na mafuta yanayodondoka kwenye kitu chenye moto mkali, yakaungua na kurudi juu kama moshi. Ndiyo maana jiko la gesi lenye bamba la chuma au mawe chini ya wavu linaweza kutoa mishikaki mizuri kabisa, ilhali nyama ile ile ukiiweka kwenye kikaango cha kawaida inabaki ya kukaanga. Mkaa unapoishinda gesi ni kwenye joto lake kavu na la polepole: paja la mbuzi, mbavu nzima, kuku aliyepasuliwa mgongoni. Kwa vipande vidogo, samaki na ndizi, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyobishana.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi wanaisahau: gesi tu kwenye gari, na nyama choma ununue njiani. Kikopey, karibu na Gilgil kwenye barabara ya Nairobi–Nakuru, watu husimama kwa ajili hiyo hasa. Unakula pale, unafungiwa kilo nyingine, kambini unaipasha tu. Sioni aibu yoyote katika hilo.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya nishati

Kilo moja ya gesi ina nishati ya takriban kilowati-saa 12.8. Jiko la plate moja lenye nguvu ya kilowati 3, likiwashwa moto wote, hula gramu 230 hivi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 basi unakupa kama saa 25 za moto mkubwa, na kwa kuwa mara nyingi unapunguza moto, familia ya watu wanne inaweza kwenda karibu wiki mbili. Kopo dogo la gramu 220 linakupa karibu saa moja. Ni zuri kwa chai ya njiani, si la kuchomea kuku.

Usisubiri gesi ikatike ugali ukiwa nusu. Kwenye shingo au pembeni mwa mtungi kumeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Chukua ile mizani ndogo ya kuning'iniza mabegi ya uwanja wa ndege, ninginiza mtungi, toa uzito wa mtupu, na kinachobaki ndiyo gesi yako. Kama huna mizani, mwagia maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini: pale panapobadilika ghafla kuwa baridi ndipo usawa wa gesi ulipo.

Mkaa unahesabika kwa mlo. Kwa kilo mbili za nyama kwenye jiko dogo lenye mfuniko, kilo moja hadi moja na nusu ya mkaa mgumu inatosha. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko, ikioshwa ikakauka, hubeba kilo 4 hadi 5, yaani usiku mitatu ya kuchoma. Ndoo inaushinda mfuko kwa kila namna: vumbi jeusi halipandi kwenye magodoro, mvua haiingii, na ikiisha mkaa unawekea vyombo vichafu.

Chagua mkaa kwa sikio na mkono. Mkaa wa mti mgumu ukigonganisha vipande unalia kama chuma, mzito mkononi, na unakaa muda mrefu. Mkaa mwepesi unaovunjika kwa vidole utawaka haraka, utarusha cheche na kuisha kabla ya mbavu kuiva. Ukanda wa pwani, mkaa wa vifuu vya nazi ni mzuri sana kwa samaki na mishikaki: unashika moto upesi na joto lake ni kali.

Nunua kiasi cha kupikia tu. Ukipanga magunia ya mkaa kwenye keria utasimamishwa kwenye vizuizi vya mazao ya misitu na kuulizwa kibali, na utakuwa hauna la kujibu. Mjini kwenyewe gesi inazidi kuwa rahisi kupatikana kuliko mkaa mzuri. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 siku hizi unaikuta hata kwenye maduka ya vijiji vya barabarani.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa jiko na mafuta yake kwenye gari

Hapa ndipo nakaa kwa muda, kwa sababu kosa la ladha linakuharibia mlo, kosa la hapa linakuharibia familia.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani. Inatambaa chini, inajaza sakafu ya gari na kusubiri cheche. Gari-nyumba lililotengenezwa kiwandani huwa na kabati la mtungi lililotengwa na chumba, lenye tundu sakafuni la kutolea gesi nje. Kagua tundu hilo. Mafundi wetu wanapoziba matundu ya vumbi chini ya gari, hilo nalo huzibwa kwa nia njema kabisa. Kama gari lako halina kabati hilo, mtungi usafiri umesimama wima, umefungwa kwa mkanda, valvu imefungwa, regulata imetolewa, na madirisha yasifungwe yote. Mtungi haulazwi. Ukilala, gesi ikiwa kimiminika inaweza kuingia kwenye regulata, na ukiwasha utapata moto wa kwenda darini.

Kila unapounganisha upya, pima kwa povu la sabuni: paka kwenye maungio na kwenye mpira wote, fungua valvu, tazama. Povu likivimba, funga, kaza, rudia. Usipime kwa kiberiti hata kama fundi wako anafanya hivyo. Mpira wenye nyufa ndogo ukiukunja, badilisha. Bei yake haifikii kilo ya nyama.

Mkaa hauna hatari hiyo, una yake. Makaa yanayokufa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na yanaendelea kuitoa hata pale unapoyaona yamefunikwa na majivu na hayana moshi. Jiko la mkaa haliingizwi ndani ya gari, hema wala chini ya turubai lililoshushwa pande zote, si kwa kupata joto, si kwa sababu mvua imeanza, si kwa dakika tano. Jiko la gesi nalo lisitumike kama hita ya kulalia.

Hatua ya 5: Nunua kwa akili

Kwa gesi, anza na chapa ya mtungi unayoikuta njia nzima unayopita, ndipo uchague jiko. Mtungi wa bei nafuu ambao unabadilishwa mjini kwako tu haukusaidii ukiwa Mafinga. Mtungi wa kilo 6 ndio saizi ya gari. Wa kilo 15 wa Tanzania au 13 wa Kenya uwe wa jikoni nyumbani. Plate inayofungwa moja kwa moja juu ya mtungi ni nyepesi na rahisi, lakini sufuria kubwa juu yake linayumba, hasa ardhi isipokuwa sawa. Mimi napendelea jiko la chini lenye mpira na regulata, mtungi ukikaa mita moja pembeni.

Kama umeletewa jiko na ndugu aliye nje, soma kibandiko chake kabla ya kulifunga. Majiko ya bustanini ya Ujerumani huwa ya shinikizo la gesi la milibari 50, ya Uingereza huwa 28 hadi 37. Regulata isiyolingana itakupa moto hafifu wa manjano au moto unaoruka. Usipanue tundu la jiko la kutolea gesi kwa msumari.

Majiko ya duara ya gesi yanayobadilishwa nyuso, kama yale ya Cadac kutoka Afrika Kusini, ndiyo yanayofaa zaidi kwa gari: upande mmoja unachoma, ukigeuza unakaanga, ukitoa unabandika sufuria. Kwa mkaa, jiko dogo lenye mfuniko na miguu inayofunga mfuniko, mfano wa Weber Go-Anywhere, linasafiri bila kumwaga majivu. Lakini jiko letu la bati lenye udongo ndani nalo linafanya kazi nzuri kwa bei ndogo sana. Kasoro yake ni moja: barabara za vumbi na mawe huupasua udongo. Lifunge kwa blanketi kuukuu na uliweke sakafuni, si kwenye keria.

Chochote ulichonunua, pikia nyumbani mara moja kabla ya kuondoka. Uani utagundua wavu ni mdogo kuliko kuku, na duka bado liko jirani.

Hatua ya 6: Washa mkaa bila kupepea saa nzima

Ukiwa na gesi na mkaa pamoja, kazi hii inakuwa nyepesi mno. Tafuta mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, toboa matundu mengi kwa msumari kitakoni na kuzunguka ubavu wa chini, funga waya wa kushikia. Jaza mkaa, uweke juu ya moto wa gesi, subiri dakika tano hadi saba mpaka vipande vya chini viwe vyekundu. Fanya hivyo kwenye jiko la chini lenye mpira, kamwe si kwenye plate iliyo juu ya mtungi, maana joto la mkebe litaurudia mtungi wenyewe. Ondoa mkebe, uweke juu ya mawe mawili upate hewa kutoka chini. Baada ya dakika kumi hivi moto umepanda wenyewe hadi juu. Mimina jikoni. Hakuna petroli, hakuna mafuta ya taa, hakuna mfuko wa plastiki, na nyama hainuki kituo cha mafuta.

Subiri makaa yavae majivu meupe. Yarundike upande mmoja, upande mwingine uache wazi. Weka kiganja juu ya wavu: ukishindwa kabla ya sekunde tatu, ni moto wa kukausha nyama kwa juu, ukivumilia tano au sita, ni moto wa kuivisha. Mbavu anza nazo upande usio na makaa, funika, zigeuze mara chache, chumvi ya maji na ndimu mwishoni, kisha zihamishie kwenye moto mkali zipate rangi. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza kwa gesi hadi alainike, supu ubaki nayo ya asubuhi.

Kwa gesi, utaratibu unageuka. Pasha bamba dakika kumi kabla nyama haijagusa. Kausha nyama kwa kitambaa, maana maji ndiyo yanayoifanya itokote badala ya kuungua. Weka vipande vichache vyenye nafasi katikati, usivisogezesogeze. Upepo ukivuma, egesha gari upande unakotoka upepo, jiko likae mita tatu kutoka kwenye gari na mbali na hema. Usilizungushie bati pande zote, kwa sababu joto litaurudia mtungi.

Hatua ya 7: Zima, osha, ficha

Gesi unafunga kwenye mtungi kwanza, unaacha moto ujifie kwenye mpira, ndipo unafunga jiko. Dakika moja, umemaliza.

Mkaa unataka subira. Funga mfuniko na matundu yote, moto ukikosa hewa unakufa na vipande vilivyobaki utavitumia kesho. Wala usishangae kwamba vinawaka upesi kuliko mkaa mpya. Kama jiko lako halina mfuniko, hamishia makaa kwa koleo kwenye debe la chuma lenye kifuniko. Usimwagie maji jiko la udongo likiwa moto, litapasuka. Na ufukweni usifukie makaa mchangani: mchanga unayahifadhi yakiwa ya moto kwa masaa, juu hayaonekani, na mtoto wa mtu atayakanyaga asubuhi akiwa pekupeku. Majivu yaliyopoa kabisa yaingie kwenye pipa la kambi.

Wavu wenye mafuta hauachwi nje usiku. Fisi atakuja kuulamba na anaweza kuondoka nao, na asubuhi nyani atamalizia. Usugue ukiwa bado una joto, kwa kitunguu kilichokatwa nusu na chumvi, kisha uingize garini pamoja na deli na mfuko wa takataka.

Ukivuka mpaka

Namanga, Holili au Horohoro, usipange safari kwa kutegemea kwamba mtungi mtupu wa upande mmoja utabadilishwa upande wa pili. Chapa, saizi na vichwa vya valvu hutofautiana, na regulata yako inaweza isikubali. Ondoka na mtungi uliojaa ambao hesabu ya hatua ya 3 inaonyesha utakurudisha nyumbani, ongeza makopo mawili ya akiba kwa ajili ya chai, na mkaa ununue ukishavuka. Nyama ifunge kwenye vyombo vyenye vifuniko: mifuko ya plastiki ni marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na ukaguzi wa mpakani huanzia hapo hapo kwenye deli.